Jani la Sale Ulilopokea kwa Baba Yako

Aloisi,

Huna haya. Udongo wa kaburi la baba yako haujashikana, nawe umeshamwahidi mchinjaji Tulia, ng'ombe wake. Marahaba, ingawa hujaniamkia tangu niondoke Uru. Watoto hawajambo? Mgongo wa mke wako umepata nafuu? Mimi hapa Mwanza kwa dada yako nipo, sisemi mzima. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linafuata, na daktari amesema hakuna la kufanya. Ndiyo maana herufi ni kubwa kama vichwa vya mbuzi. Zisome zote.

Mama Anjela, jirani yetu mjane, ameniandikia. Anasema ulisimama kwenye kilabu cha mbege ukatamba: "Yule Tulia hazai, hakamuliwi, anakula kama askari wa likizo. Krismasi tunamla." Watu wakacheka. Na wewe ukacheka, mtoto wa askari.

Ulikuwa bado unatembea uchi baba yako aliporudi kutoka vita vya Uganda. Wenzake walishuka kwenye lori na redio. Yeye alishuka na mbwa ndani ya begi, tena wa miguu mitatu. Nikamuuliza, "Huko kote ulikotembea, umeona hiki tu?" Akasema, "Na chenyewe kiliniona mimi." Nikampa mbwa uji.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka, chai yote inaishia kifuani. Hospitali walimpa vidonge. Padri alimwombea. Wapi! Kisha ng'ombe wetu mmoja, mtamba, akazaa mara ya kwanza, baba yako akachuchumaa kukamua, na mikono ikatulia. Niliona mwenyewe, mimi ndiye niliyeshika kibuyu. Akisimama, inaanza tena. Ndipo akamwita Tulia. Miaka yote hiyo mume wangu alikuwa mzima mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa muda wa kujaza kibuyu. Wewe ulikunywa hayo maziwa.

Na mengine aligawa mpaka nikagombana naye. Mama Anjela alipofiwa, alimpelekea ndama jike wa Tulia. Siyo wa kumfugia, kama sisi tunavyowekeana ng'ombe, maziwa yako mnyama wangu. Alimpa kabisa. Koti lake la jeshi alimvika ndama mgonjwa mvua za masika, yeye akatembea na gunia. Majani alibeba kichwani kutoka shamba la chini, mwanamume mzima, na wanaume wenzake barabarani wakimwita: "Koplo, siku hizi umeolewa?" Anawajibu, "Ng'ombe haulizi nani kabeba."

Sijisafishi. Tulia alipokoma kuzaa, mimi ndiye niliyesema kwanza achinjwe. Nilisema jikoni, kwa sauti, ili asikie. Alitoka akaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, akakata jani la sale, akalifunga fundo, akakuita wewe. Unakumbuka lilivyokuwa linatikisika mkononi mwake? Akakwambia, "Mwanangu, nakuomba. Huyu afe mwenyewe." Nawe ukalipokea kwa mikono miwili. Sisi mtu akikuletea sale, hata kama amemuua ndugu yako, ukishalipokea umekubali. Hakuna kurudi. Kahawa ya babu yako uliing'oa ukapanda nyanya, sikusema. Bei ilikuwa imekufa, na ni nani angekulaumu. Lakini hili siyo la bei.

Najua naandika bure. Barua ikifika posta itakaa, na wewe posta huendi mpaka uitwe. Krismasi iko mlangoni. Labda unasoma hii huku unachokoa meno. Dada yako hawezi kunisafirisha, na hata nikija, nitaona nini? Kilichobaki cha mume wangu kilikuwa kinacheua kule zizini, basi.

Msalimie mke wako, na umwambie asinyamaze, mdomo anao. Msalimie mjomba wako fundi seremala aliyetengeneza jeneza bila kuombwa. Msalimie katekista. Mama Anjela usimsalimie, nitamwandikia mwenyewe, wewe utamtukana.

Mimi ni mama yako mzazi, na wewe sikuombi kwa sale, maana nimeona unavyolishika. Nakuagiza. Kama Tulia yu hai, leo hii mfungue umpeleke kwa Mama Anjela, akazeeke karibu na mwanawe. Kama mmeshamla, chukua kamba yake ukaifunge kwenye masale yaliyopandwa kaburini kwa baba yako, usawa wa kiuno changu, na usiiondoe, hata ioze. Siku nitakayoletwa, macho yakiwa yamekwisha, nitaipapasa kwa mkono, nijue wewe ni mtoto wa nani.