Umi Anauliza: Kwa Hesabu za Nani?

Shangazi Kidawa, shikamoo. Mwanao yamenifika, naomba unishike mkono kabla nyumba haijapasuka, na chanzo cha yote ni hesabu za mtoto wa darasa la tatu.

Mimi naishi Rutamba na mume wangu Saad, mama yake, na binti yetu Umi. Shuleni Umi anafundishwa na Mwalimu Grace kwa kitabu cha Kiswahili, hakuna tatizo, lakini Saad alikwenda Lindi mjini akawasikia watoto wa shule ya kulipia wanavyotema Kiingereza, akarudi na kitabu chao cha hesabu, kinene hicho, akaapa mwanawe atakisoma kila jioni, basi mtoto akiuliza neno baba naye halijui, anamwambia, "Wewe soma tu, mbele utaelewa," na mimi kwa kumwonea huruma nikaanza kumfundisha njia nyingine niliyoiona kwenye simu, ya kuchora visanduku, hesabu moja inajaza ukurasa mzima.

Hapo sijamgusa mama mkwe. Yeye anauza machungwa barabarani, Umi akitoka shule ndiye anayempangia mafungu, na unatujua sisi huku, fungu bila nyongeza mteja anakuacha unakodoa macho. Sasa jaribio la shule likauliza: machungwa kumi na mawili, mafungu matatu, kila fungu lina mangapi? Umi akaandika matano. Mwalimu Grace akamuuliza la tano limetoka wapi, akajibu, "La nyongeza, mwalimu," darasa zima likaangua kicheko mpaka wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Nilipomsimulia mama mkwe akawaka: "Mwalimu gani mchoyo hivyo! Akae yeye na machungwa pale barabarani, yatamwozea!"

Tangu siku ile ukimuuliza Umi saba na nane ni ngapi, anakutazama kwanza, halafu anauliza, "Kwa hesabu za nani?" Nilicheka, wallahi, mpaka juzi Mwalimu Grace aliponiita akaniambia mtoto hanyooshi tena mkono darasani, hata jibu akiwa nalo, na nilipomuuliza nyumbani akasema, "Mama, mie sina akili, kila nikijibu kuna mtu nimemkosea." Nililia, Shangazi. Mwakani ana mtihani wa darasa la nne. Saad kanikaba nichague, kitabu chake au "ushamba wa nyumba hii," kumwambia mama yake mwenyewe hathubutu, mie ndiye nafokewa, nikaona bora nikifiche kile kitabu nikasema kimeliwa na mbuzi, sasa mbuzi kafungwa kamba fupi na Saad anataka kununua kingine. Nichague hesabu zipi?

Mama Umi, Rutamba

*

Marahaba, Mama Umi. Pole sana, na pole kubwa zaidi mpe mbuzi.

Mwanangu, nimecheka, kisha nikakasirika. Mtoto mmoja, walimu wanne, na kila mmoja anajiona ndiye mwenye jibu! Wewe unayelia nawe ulikuwa na visanduku vyako. Nani alikutuma? Mtoto anayejua baba anataka jibu gani na bibi anataka lipi, huyo akili anazo tele. Mnazimaliza nyie.

Chagua kitabu cha shule. Sisemi ni bora kuliko vyote duniani, ila ndicho anachofundishwa, ndicho atakachopimwa nacho, na akikwama yupo wa kumuuliza. Visanduku achana navyo. Kitabu cha Saad kitoe ulikokificha, umpe mkononi, ukubali kufokewa, na mbuzi afunguliwe leo leo. Ukimaliza kufokewa mwambie kwa upole kwamba kitabu asichoweza kukifafanua baba kinamtia mtoto woga tu. Kama roho yake iko kwenye Kiingereza, ajifunze maneno pamoja na binti yake, waulizane, wachekane. Hesabu amwachie Mwalimu Grace.

Mama mkwe usimnyang'anye mjukuu. Umi aendelee kupanga mafungu, kwa sharti moja: agawe kwanza, aseme jibu kwa sauti, ndipo atoe nyongeza. Nyongeza inatoka kapuni. Kwenye jaribio hakukuwa na kapu, yale machungwa matatu ya ziada angeyatoa wapi? Mweleze bibi hivyo hivyo, kwa adabu zote, na jina la Mwalimu Grace usilitaje kabisa. Kisha mwendee mwalimu, umwombe amwite Umi ubaoni kwa swali analoliweza.

Hayo yanaweza kungoja Jumatatu. Hili halingoji. Mkae wote watatu, wewe, Saad na bibi, mmwite Umi, mmwambie kwamba aliyekosea si yeye, ni nyinyi. Najua sisi wakubwa wa huku tunaona haya kumwomba mtoto radhi. Oneni haya, lakini mwombeni.

Shangazi Kidawa