Miiba ya Kufunika Kisima

Mombasa, Jumapili

Kwa baba yangu, Mzee Sayi wa Mwamapalala,

Mwangaluka, baba. Shikamoo. Najua barua hii italala dukani kwa Binza siku kadhaa kabla ya kukufikia, kisha Mwalimu atakusomea hapo uani, kwa hiyo namsalimu yeye pia na namwomba asome polepole. Mguu wako unaendeleaje? Na kifua cha mama kimepoa? Mvua zimeonyesha dalili, au ng'ombe bado wananyweshwa mchangani? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio una neno, nami nitalifikia.

Dada Nyanzobe ameniandikia kwamba ndugu yetu Masunga ameposa huko Kalemela, na wewe umekataa kumtolea ng'ombe kwa ajili ya lile jambo la kisima. Nilipoisoma barua yake niliikunja nikaitia chini ya godoro, nikajifanya haikunifika. Nimeishi hivyo hadi wiki iliyopita.

Wiki iliyopita tajiri wangu, yule Mhindi wa duka la vitambaa ninayemwendeshea gari, aliipeleka familia yake kutembea katika mbuga ya wanyama ya Tsavo. Tulikuwa wanne: yeye, mkewe, binti yao Kanta ambaye karibu ataolewa, na mimi. Chapati na achari walizopakia zingetosha harusi. Tajiri alivaa viatu vya kung'aa, nikasema moyoni, leo utavijua.

Baba, nchi ile ni kavu, sijapata kuona. Ardhi nyekundu, miti ya kijivu isiyo na jani, na tembo wenyewe ni wekundu kwa kujimwagia vumbi. Bwana nyama, yule mlinzi wa mbuga, alituruhusu kwenda kwa miguu hadi kwenye jabali moja, tupande, tutazame, turudi garini. Tukapanda. Juu kule tajiri alihesabu tembo kwa kidole, kama anavyohesabu majora dukani. Lakini tuliteremka upande usio wetu, na vichakani mfuko wa turubai wa maji ukanaswa na mwiba ukachanika. Nilikuwa nimeubeba mimi. Tulipousikia wepesi wake, maji yote yalikuwa yamekwisha kunywewa na ardhi.

Jua likatupiga. Mama yule akaanza kuona kizunguzungu, akaketi chini na kukataa kuinuka. Nilimbeba mgongoni mpaka tukafika kwenye mto wa mchanga, mkavu kabisa. Kanta akaanza kulia.

"Luhende, hapa iko maji kweli?" tajiri akaniuliza.

Nikamwambia, "Kwetu tunakunywa humu miezi mitano kila mwaka."

Nikatafuta pale mto unapopinda na kula ukingo, kama ulivyonifundisha, nikachimba kwa mikono na kwa kifuniko cha mkebe wa chapati. Mkono ulipozama hadi begani mchanga ukawa baridi. Tukangoja. Maji yakaja taratibu, ya rangi ya chai, tukayachuja kwa upindo wa sari. Mama yule alikunywa, akanishika kichwa akaniombea kwa lugha yake. Nililia, baba. Walidhani nalia kwa furaha.

Tulipokwisha pata nguvu tajiri alisema twende, kutoka pale barabara ilikuwa inaonekana. Mimi nikaenda kukata miiba.

"Kwani nani atatumbukia huku porini?" Kanta akaniuliza.

Nikamwambia kwetu mchotaji wa mwisho ndiye hufunika kisima. Hata kama ni cha saa moja. Hata kama hakuna anayekuona. Nikaivuta ile miiba kuzunguka shimo, hadi tajiri akaja kunisaidia, na viatu vyake vile.

Baba, hapa ndipo penye neno.

Jioni ile, kabla ya yule ng'ombe wa baka jeupe wa mahari ya Nyanzobe kukutwa kisimani amevunjika miguu, Masunga alikuwa ametangulia na ndama. Niliyebaki kuchota ni mimi. Nilisikia ngoma zimeanza ng'ambo, nikaacha miiba pembeni nikakimbilia kucheza. Asubuhi ukatuuliza mbele ya watu, nani alichota mwisho? Nikasema Masunga. Yeye akanitazama tu, akanyamaza, nawe ukauhesabu ukimya wake kuwa ni kosa. Nikaja huku mbali, nikaandika barua nyingi za salamu, na kila moja ilikuwa uongo kwa sababu haikulitaja jambo hili. Mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na asiyezaa ni ndugu yangu.

Sikuombi unisamehe upesi. Naomba Masunga apewe ng'ombe wake. Na wale ambao wangekuwa wa mahari yangu, mpe pia, awapeleke kwa wakwe zake kwa heshima. Nitakuja kulima msimu wa pamba ukifika, nisimame mahali palepale uliposimamisha watu, niseme kwa mdomo wangu. Ukinifukuza, nitarudi Mombasa bila kinyongo.

Nisalimie mama, nisalimie shangazi anayetusukia vikapu, na mjomba mchungaji wa ngitili, yale malisho yetu ya akiba. Dada Nyanzobe mwambie barua yake ilinifika.

Mwalimu, nakuomba kwa heshima: kabla hujasoma, muite Masunga akae karibu. Na pale penye kisima parudie mara mbili, hata kama baba atakuambia inatosha.

Ni mimi mwanao, niliyechota mwisho,

Luhende