Joto la Chumba Kikubwa

Kijiji cha Lindenort,
Manitoba, Kanada.
11 Januari 2009.

Mpendwa mdogo wangu Justina,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Abram na watoto, na kwamba mvua mliyoisubiri huko Chaco imenyesha na ng'ombe wamepata majani. Mgongo wa Abram unaendeleaje? Na Lena ameshajifungua, au bado mnangoja? Mke wangu Katharina amemfumia mtoto soksi za sufu. Nimemwambia huko Paraguay hata kuku wanahema kwa joto, lakini hasikii, kwa hiyo zipokeeni tu na mshukuru.

Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu ni ile ya kugandisha ndevu kabla hujafika zizini. Magari hayawaki, mbwa hawataki kutoka, na watu wanakutana kanisani tu, kisha kila mmoja anakimbilia kwake.

Kazi ninazo nyingi, namshukuru Mungu. Msimu wa vuli nilimfungia kaka yetu Gerhard mabomba mapya ya hewa ya moto katika banda lake la vifaranga. Ningependa ungeyaona. Hewa ikitoka sawasawa pande zote, vifaranga wanalala wametawanyika banda zima kama mtama ulioanikwa. Ikivuja mahali, wanarundikana kona moja wakikanyagana. Nimekuwa fundi bati tangu ujana, na bado nikifungua mlango nikakuta wametawanyika vile, huwa nasimama tu nikiwatazama. Yaani hewa, kitu usichoweza kukishika, inakwenda pale ulipoiambia iende.

Sasa nikuambie habari ya Mama, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Usishtuke, ni mzima. Kwenye simu hasikii, na wewe ukimsikia unaanza kulia, hivyo nimeona heri niiandike yote.

Chumba chake cha kulala siku zote kilikuwa cha baridi, ingawa tanuri linapuliza hewa ya moto kwa mabomba ya chini ya sakafu hadi kwenye wavu wa kila chumba, lakini tangu Novemba baridi ilizidi kiasi. Ukifika kumsalimu unamkuta amejifunika shali mbili, amevaa koti la marehemu Baba, na bado vidole ni vya bluu. Tukimuuliza anasema ndio uzee. Gerhard alikasirika. Unamjua, akipenda mtu humgombeza. Akasema jambo lile halivumiliki tena: ikifika sikukuu ya Epifania, Januari sita, chumba bado hivi, Mama anahamia kwenye nyumba ya wazee mjini, penye wauguzi na joto la kutosha. Aliyasema hayo mbele yake mwenyewe, mezani, wakati anakula.

“Tanuri limekufa,” alisema. “Mama hana haja ya kufa nalo.”

Mama alikusanya makombo ya mkate kwa kiganja, akayatia mdomoni, akaniangalia mimi. Justina, sijawahi kuangaliwa vile. Nyumba ile aliingia akiwa bibi harusi, na kila ubao wa sakafu anaujua kwa mlio wake.

Kesho yake nikaenda na vifaa vyangu. Tanuri nililikuta zima kabisa, linanguruma vizuri, ila chujio lake lilikuwa limejaa vumbi nikalibadilisha. Kwenye mfereji unaorudisha hewa nikatoa ndoo nzima ya maganda ya alizeti. Wote tuliokulia nyumba ile tulikuwa tunayatemea kwenye wavu wa sakafuni Baba akigeuka, usijifanye hukuwemo.

Kisha nikampa Mama unyoya wa bata bukini, aushike juu ya wavu wa chumbani mwake. Ndivyo ninavyopima, sina kipimo kingine kinachonifaa kama kile. Hewa ikiwepo unyoya unaruka. Mama aliushika muda mrefu, na unyoya haukutikisika hata kidogo. Hapo nikaona macho yake hayako kwenye unyoya. Yako kwenye mlango wa Chumba Kikubwa, na mlango umefungwa.

Nikaingia uvunguni mwa nyumba, chini ya sakafu, kwa tumbo, kurunzi mdomoni. Huko ndiko nilikoona aibu ya kazi: selotepu za kitambaa walizozungushia maungio ya mabomba mafundi waliopita zimekauka, zinaning'inia, na kila kiungio kinapuliza hewa ya moto kwenye udongo. Panya wa nyumba ile walikuwa wanaishi maisha mazuri kuliko mjane mwenye nyumba. Lakini hata hivyo, kuvuja hakukutosha kueleza baridi ile. Nikalifuata bomba la chumba cha Mama kwa mkono, nikilipapasa, nalo likaniacha. Kabla ya kufika chumbani kwake lilikata kona likaenda upande mwingine.

Nilimulika kona ile nikaduwaa. Haikuwa kazi ya fundi. Ilikuwa bati la ndoo ya asali, limekatwa kwa kisu, limekunjwa kwa nyundo, na maandishi ya kopo bado yanasomeka. Maungio yake yamezungushiwa vipande vya gauni la maua ya bluu, vimelowekwa kwenye gundi ya unga wa ngano vikakauka vikawa kama mfupa. Nikaweka unyoya juu yake, mzunguko mzima. Hakuna kilichotikisika. Katika uvungu wote ule, kiungio pekee ambacho hakikuvuja ni kile cha unga na kitambaa. Nilivua kofia, Justina, nikiwa nimelala kifudifudi kwenye vumbi. Sijui nilimvulia nani.

Nikalifuata. Likaishia chini ya Chumba Kikubwa.

Unakumbuka chumba kile, kitanda cha wageni na mito na mablanketi ya manyoya yaliyopangwa karibu yafike darini, na namna tulivyochapwa kwa kuchungulia tu. Haingii mtu asiye mgeni, na mgeni ni mhubiri au mtu wa mbali. Nilitoka uvunguni, nikavua viatu, nikafungua. Joto lilinipiga usoni kama nimefungua mlango wa tanuri la mkate. Miaka yote hiyo sisi tumekaa chumba cha pili tukitetemeka na makoti yetu, tukilaumu tanuri, na chumba chenye joto kuliko vyote nyumbani kiko nyuma ya mlango ambao hakuna aliyethubutu kuusukuma. Wahubiri walilala humo, na hakuna mhubiri aliyewahi kulalamikia joto.

Nikamwambia Mama kwamba nimeugundua ugonjwa wa bomba, nakwenda kuing'oa kona ile, jioni atalala bila shali. Akanishika mkono.

“Usiiguse.”

“Mama, joto lako lote linakwenda kwenye mito.”

“Linakwenda kwa Justina,” akasema.

Akakaa, akanieleza. Unajua kwamba ulizaliwa kabla ya wakati, katika dhoruba, hilo tulilisikia sote. Tulichokuwa hatujui ni hiki. Theluji ilikuwa imefunika barabara, daktari hafiki, na wewe ulikuwa unaenea kwenye mikono miwili ya Baba. Chumba chao kilikuwa upande wa upepo na kilikuwa hakipati joto la kutosha. Ndipo Mama alipomwambia Baba afungue Chumba Kikubwa akuweke humo, jambo ambalo bibi yetu hakumsamehe mpaka anakufa, na Baba, mkulima ambaye hajawahi kushika bati, akaingia uvunguni akakata bomba la chumba chao wenyewe, akaligeuza likupulizie wewe. Mama alichana gauni lake la Jumapili, akapika gundi ya unga, akawa anampitishia vipande kwenye tundu la sakafu. Wao walilala kwenye baridi mpaka majira ya kuchipua. Nawe ukaishi.

Kila vuli Baba alikuwa anasema atalirudisha bomba. Kila vuli Mama alisema ngoja kidogo. Ulipoolewa ukaondoka, Baba alishuka na nyundo kabisa, Mama akamwambia apande juu, chumba kibaki vilevile.

Nikamuuliza, kwani wewe uko Paraguay, huko watu wanalala na feni, joto la Manitoba unalitakia nini?

“Ndiyo maana,” akasema. “Akija, baridi hajaizoea tena.”

Nikamuuliza kama yuko tayari kuhamishwa nyumbani kwake kwa ajili ya chumba kitupu. Akasema alidhani atavumilia mpaka majira ya kuchipua, kama walivyovumilia zamani. Justina, mimi nina mvi, na nilitoka nje nikajifanya natafuta mkasi wa bati kwenye gari.

Basi sikuing'oa. Nilikata bomba kabla ya kona ile, nikaunga bomba la njia panda, tawi moja kwa Mama, jingine kwako, na kila tawi nikalitia kilango chenye mkono wa kugeuza. Kisha nikaanza kuziba. Nilikwangua selotepu zote, nikakaza maungio kwa skrubu, nikapaka kila kiungio gundi nzito ya kijivu kwa brashi, mpaka nyusi zangu zikagandana, kisha nikayavika mabomba blanketi la pamba ya kioo, ili joto lisitoroke. Kona ya Baba sikuipaka kitu. Haikuhitaji. Katharina aliponiona nimerudi alisema nimekuwa kama mtu aliyeanguka kwenye pipa la uji.

Na joto likatosha. Hilo ndilo bado linanishangaza. Tulidhani ni haba, la kugombewa na vyumba viwili, kumbe lilikuwepo tele siku zote, linamwagikia udongoni tu.

Gerhard alikuja siku ya Epifania na kipimajoto chake na makaratasi ya nyumba ya wazee mfukoni. Aliingia chumbani kwa Mama bila kuvua koti, akakaa kitandani, akaanza kutueleza ubora wa wauguzi. Baadaye akavua kofia. Akafungua koti. Akaendelea kidogo kuhusu chakula cha huko, sauti ikipungua, na kabla hajamaliza alikuwa anakoroma ameegemea ukuta. Mama akamfunika shali. Alipoamka alikula soseji na viazi, akaondoka, na yale makaratasi sijayasikia tena.

Jioni hiyo Mama alichukua unyoya akafungua mlango wa Chumba Kikubwa. Sijawahi kumwona akiingia humo bila ufagio wala mgeni. Alipiga magoti kwa shida, akaushika juu ya wavu, akauachia. Uliruka, Justina. Ulipita kitanda, ukapita rundo lote la mito, ukagusa dari, ukakaa huko unazunguka, naye amekaa sakafuni kichwa kimeinuka, anautazama kama mtoto. Mimi nilibaki mlangoni na soksi zangu.

Msalimie sana shemeji Abram, Lena na mumewe, na Bernhard ambaye nasikia ameota ndevu. Gerhard anakusalimu, ingawa atakana. Katharina anakubusu. Mungu aliyekuhifadhi ukiwa kiasi cha viganja viwili azidi kukuhifadhi, na nyumba yako isipungukiwe.

Mama amenikataza kabisa nisikuombe uje. Anasema nauli ni kubwa, mjukuu anakuja, na una ng'ombe. Kwa hiyo sikuombi. Amenituma nikuandikie neno moja tu, kwamba chumba chako kina joto.

Ni mimi kaka yako, akupendaye siku zote,

Kornelius