Tano ya Mama Mkamburi

Mama mpendwa,

Habari za Bungoma? Mimi niko Mwanda, juu milimani, na viatu vyangu vimekuwa vyekundu kwa udongo. Tunapima mashamba na kuyapa alama, moja hadi tano, kulingana na hatari ya udongo kusombwa na mvua. Jana shamba la Mama Mkamburi, mjane mmoja mchangamfu, lilipata tano. Akapiga vigelegele.

"Tano kwa tano! Majirani, mmesikia?"

Nikamweleza kwa aibu kwamba tano ndiyo mbaya kuliko zote. Akanivuta mkono hadi ukingo wa juu wa shamba, ambako maji ya barabara huingia moja kwa moja kwenye maharagwe yake.

"Basi hiyo tano ipe barabara," akasema.

Alisema kweli. Majirani wakaja na majembe, tukachimba mtaro wa kukinga maji mpaka saa kumi. Jioni mvua ikanyesha kwa nguvu. Maji yakafuata mtaro, maharagwe yakabaki yamesimama. Tukala kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, jikoni kwake, mimi na malengelenge yangu mikononi, tukicheka kama mtu na dadake.

Ungempenda, Mama. Mungu akutunze, na goti lako lipate nafuu upesi.

Mwanao,
Nekesa