Mbegu ya Mung'unye Chunguni

Jumanne, 5 Oktoba 1976

Mke wangu, Mwanaidi, ametoka na ndoo kabla sijaamka. Amerudi saa mbili na nusu. Nusu ndoo, maji rangi ya chai ya maziwa. Kisima cha mchangani kimeshuka tena. Anasema sasa mtu huingia mpaka mabegani ndipo achote kwa kata. Ana mimba ya miezi saba. Nimemwambia apumzike. Ameniuliza nani atakwenda, mimi? Mume akionekana kisimani atachekwa mpaka Handeni mjini. Sijivunii kuandika hivyo.

Uchaguzi wa halmashauri ya kijiji ulikwisha jana. Wajumbe ishirini na watano. Bondeni wamepata kumi na watatu, Mlimani kumi na wawili. Miaka miwili tangu watu wahamishiwe hapa, nyumba zote zimepangwa mstari mmoja, na bado kila mmoja anajua jirani yake katoka upande gani. Mimi ni Mshambaa wa Vugiri, nimeletwa kuwa katibu. Nimeoa hapa, lakini kura sina. Kazi yangu ni kuhesabu na kuandika.

Kesho wajumbe wanachagua mwenyekiti. Bondeni wana Mzee Semkiwa, Mlimani wana Mzee Mgaza. Hesabu iko wazi. Semkiwa ameshaanza kutembea kama mwenyekiti.

Barua imefika kutoka ofisi ya maji. Mabomba na pampu ya kijiji kimoja viko tayari Handeni. Sahihi ya mwenyekiti ifike kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa, tarehe 29. Isipofika, mabomba yanakwenda kijiji kingine.

Jumatano, 6 Oktoba

Ajabu.

Wajumbe wengi hawasomi, kwa hiyo tulipiga kura kwa mbegu. Kila mmoja, hata wagombea wenyewe, punje ya hindi na punje ya haragwe. Hindi ni Semkiwa, haragwe ni Mgaza. Nilizunguka na chungu kilichofunikwa kanga. Mjumbe anaingiza ngumi, anaacha mbegu moja, nyingine anabaki nayo. Nilipofika kwa mama mkwe wangu, ambaye ni mjumbe wa Bondeni, nilitazama pembeni kama inavyompasa mkwe, nikasogeza chungu kwa mikono miwili. Kisha nikaendelea.

Mahindi kumi na mawili. Maharagwe kumi na mawili. Na mbegu moja ya boga.

Anayeshinda lazima afikishe kumi na tatu. Hakuna aliyefika. Watu walicheka kwanza, kisha hawakucheka. Semkiwa alisimama akawatazama watu wake mmoja mmoja. Mtu mmoja wa Bondeni amemnyima, na hajampa Mgaza pia. Amefanya hivyo kwa nini? Mtu akichukia upande huu si ataupa upande ule?

Nimekuja na mbegu nyumbani, nimeifunga kwenye karatasi.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimemwonyesha Mwanaidi. Akasema si boga, ni mung'unye. Boga mbegu yake ni laini pembeni. Hii ina masikio mawili. Ni ile inayozaa vibuyu vya maji. Nikamuuliza nani hapa kijijini ana mbegu ya mung'unye. Alicheka, akaendelea kupepeta.

Nimezunguka nyua zote kwa kisingizio cha kuhesabu vyoo. Hakuna mmung'unye hata mmoja uliopandwa. Mimung'unye yao waliiacha kwenye mahame walikotoka. Kwa hiyo mtu huyu alihama na mbegu hizi, akazitunza miaka miwili bila kuzipanda. Nashindwa kutulia.

Jumatano, 13 Oktoba

Kura ya pili. Safari hii nilitazama kila mkono. Nani anakawia, nani ana ngumi kubwa, nani anatoa jasho. Salehe wa Bondeni, fundi baiskeli, aliingiza mkono mpaka kiwiko, akakonyeza. Nikasema moyoni, huyu hapa.

Kumi na mawili, kumi na mawili, mung'unye moja.

Baada ya kikao nilimfuata Salehe. Akaniapia kwa jina la mama yake. Anasema alikonyeza kwa sababu nilikuwa nimemkodolea macho kama askari wa ushuru. Namwamini. Mtu mwongo hukasirika, yeye alikuwa anafurahi mno.

Jumapili, 17 Oktoba

Bondeni wamekaa kikao chao kwa Semkiwa. Wanaume wote wameapa, mkono juu ya msahafu. Kila mmoja kasema alitia hindi. Wametoka wamenuna, wanatazamana kwa pembe ya jicho. Ndugu wawili wa tumbo moja hawasalimiani tangu asubuhi.

Na Mlimani nao wana raha isiyo na maana, kwa sababu mtu wao hajashinda. Mgaza peke yake hafurahi. Nilimkuta anapalilia, akaniuliza zimebaki siku ngapi. Nikamwambia kumi na mbili. Akasema, "Maji hayana upande, Katibu." Nikadhani ni maneno ya kampeni.

Ukweli wenyewe wanaujua wote. Semkiwa ameahidi bomba litasimama mbele ya uwanja wake. Mgaza naye ameahidi mbele ya wake. Kutoka kwa Semkiwa, mwanzo wa kijiji, mpaka kwa Mgaza, mwisho, ni mwendo wa nusu saa na ndoo kichwani.

Jumatano, 20 Oktoba

Kura ya tatu. Ileile. Nimechoka hata kuandika tarakimu.

Ijumaa, 22 Oktoba

Mwanaidi ameletwa na wanawake wenzake, wamemshika mikono. Ukingo wa kisima ulikatika. Hakuzama, alikaa tu kwa kishindo. Hakulia. Alilala chali, mkono tumboni, tukangoja. Mtoto hakucheza mpaka adhuhuri. Halafu akacheza.

Namchukia mtu wa mung'unye. Nilikuwa nacheza mchezo wa kumtafuta kama mtoto, na mke wangu anaingia shimoni kila alfajiri.

Ndoo ya jioni nimekwenda mimi. Walicheka kweli. Nikachota.

Jumamosi, 23 Oktoba

Naandika haraka kabla sijajidanganya.

Asubuhi nilikuwa nakwenda kisimani. Mama mkwe akatokea mbele yangu kwenye njia, anakuja kumwona binti yake. Nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Niliacha njia, nikaingia kichakani, nikampa mgongo mpaka apite. Mwiba ukanichana shavu. Nimesimama pale, uso kwenye majani, na ndoo yangu, ndipo ikanijia.

Mikono ishirini na minne nimeitazama. Mmoja sijautazama hata siku moja.

Wanaume wa Bondeni waliapa. Wanawake hawakuitwa.

Nilibaki kichakani mpaka jua likapanda, nikarudi bila maji. Mama yake alikuwa ameshaondoka. Nikamwambia Mwanaidi, ni mama yako. Akasema ndiyo. Alijua tangu siku ile ya kupepeta. Nikapandwa na hasira. Nikamuuliza anawezaje mama kumzuilia maji mwanawe mwenyewe.

"Kila kikao mama ananyoosha mkono aseme," akaniambia. "Anayetoa nafasi ya kusema ni nani?"

Ni mimi. Mimi ndiye ninayetazama mikono na kuita majina.

Nimefungua kitabu cha mihtasari. Vikao vitatu. Wamesema watu kumi na tisa. Semkiwa mara saba. Mama mkwe, hapana. Sikumnyima. Sikumwona. Heshima yangu yote imekwenda kumfanya asionekane. Naona aibu ambayo sijui niipeleke wapi.

Jumapili, 24 Oktoba

Nilimwomba Mwanaidi akamuulize mama yake anataka nini. Amekataa. "Muulize mwenyewe, una mdomo."

Nimekwenda. Nilisimama nyuma ya nyumba yake, mgongo ukiwa ukutani, nikakohoa. Nikasema na hewa. Nikasema mimi ni mkwe wake, nimekuja kwa habari ya mbegu. Ndani kinu kiliacha kutwanga.

Kisha akajibu kupitia ukutani. Sauti yake ni ya chini, nimeisikia mara chache sana. Alisema hana ugomvi na Semkiwa wala Mgaza. "Mmetupatia hindi la huyu na haragwe la yule. Mbegu ya maji hamkutupatia. Nikaja na yangu toka nyumbani." Alisema anayechota ni mwanamke, na hakuna mwanamke aliyeulizwa bomba lisimame wapi. Likisimama kwa mwenyekiti litakuwa la mwenyekiti.

Nikamwambia juu ya Mwanaidi na kisima. Akasema, "Unadhani silali nikiliwaza hilo?" Kinu kikaanza upya.

Nilikwenda na hasira, nikarudi sina hata ya kuazima.

Alhamisi, 28 Oktoba

Kikao cha mwisho.

Kabla ya kura niliuliza kama kuna mwenye neno. Mikono ikapanda. Nikajilazimisha kugeuza shingo upande wa wanawake. Nilihisi kama natazama jua. Mkono wake ulikuwa juu, umenyooka, na bangili moja nyeusi. Nikamtazama usoni mbele ya watu wote. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Mwaka wa pili huu nimeoa kwake na sikulijua.

Nikasema, "Mama, nimekuona. Karibu useme."

Baraza lote liliguna. Mzee mmoja alisema "astaghfirullah". Mama mkwe akasimama, akajifunga kanga vizuri. Hakusema marefu. Bomba lisimame katikati, pale panapojengwa zahanati. Kila upande utembee sawa. Nani anakubali?

Mgaza alinyoosha mkono wa kwanza. Semkiwa akatazama watu wake, akaona nyuso za wake zao waliojazana madirishani, akanyoosha. Salehe alipiga mbinja. Nikaandika: imekubaliwa na wote. Nilidhani kazi imekwisha.

Nikazunguka na chungu. Nilipofika kwake sikutazama pembeni. Alifungua vidole kidogo tu, kwa makusudi nadhani, nikaona. Masikio mawili. Mung'unye tena!

Ningeweza kulia. Nilimaliza mzunguko basi tu, kwa sababu nilishajua matokeo. Nikamwaga mbegu mezani, nikaanza kutenga.

Mung'unye moja. Maharagwe kumi na moja. Mahindi kumi na tatu.

Nilihesabu mara nne. Bondeni walirukaruka, kila mmoja akadhani msaliti wao amerudi kundini. Hawakutazama mbegu, walisikia kumi na tatu tu. Lakini mimi niliona. Yule wao hakurudi. Kuna mtu wa Mlimani aliyehama.

Mgaza alikuwa wa kwanza kuja kunipa mkono. "Hongera ya kazi, Katibu," akasema, akaenda kumshika Semkiwa bega. Nilipofungua kiganja, ndani yake mlikuwa na punje ya haragwe. Ina joto.

Ijumaa, 29 Oktoba

Nimekwenda Handeni kwa baiskeli ya Salehe. Pancha mara mbili. Nimefika saa nane na dakika kumi, ofisi bado haijafungwa. Karani ameipokea barua, ameipiga mhuri bila kuisoma.

Jumatatu, 1 Novemba

Salehe ananiuliza nani wa mung'unye. Semkiwa ananiuliza. Mlimani wananiuliza nani kati yao amewauza, nao wanataka waapishane. Nimesema chungu hakina macho. Haragwe nimelibandika kwa gundi kwenye jalada la ndani la daftari hili, lile nililonunua dukani kwa Mhindi Korogwe. Hakuna anayelifungua isipokuwa mimi.

Nimewaza sana. Mtu alitia mkono chunguni mwenyewe, akamchagua mwenzake. Kisha akabaki na jina la kushindwa na hakumwambia yeyote ila mimi, na mimi hakuniambia kitu.

Jumapili, 16 Januari 1977

Mtoto ana wiki tatu. Wa kike. Mwanaidi amelala, nami nimekwenda bombani na ndoo. Wanaume sasa tuko wanne tunaochota, kucheka kumepungua.

Mgaza alikuwa anafyeka majani kuzunguka zahanati. Tulisalimiana, tukaachana.

Mama mkwe alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Mguu wangu ulishatoka njiani wenyewe, nikaurudisha. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba, akitazama maji yanavyoingia ndooni. Baadaye akauliza, kwa ile sauti ya chini, ni nani alihama siku ile. Anasema siku ile alitia mung'unye tena kwa sababu bado hakuyaamini maneno ya wanaume. Jambo hilo linamkosesha raha, kwamba kuna mtu alifanya kilichokuwa kazi yake yeye, na hamjui amshukuru.

Nilimtazama machoni nikamwambia sijui.

Alinitazama na yeye, akatabasamu upande mmoja. Kisha akageuza shingo kidogo kule kwenye sauti ya panga la Mgaza, akakaa hivyo mpaka ndoo ikafurika. Pembeni ya zege la bomba kuna mche umeota, majani mapana. Amenionya nisiukanyage.