Mshike Hivyohivyo

Tumaini mjukuu wangu,

Miaka miwili huji, halafu unaniuliza kwenye simu kwa nini nakataa kupasuliwa mtoto wa jicho! Haya, nakusalimu, kamwene. Njombe hatujambo, viazi vimekubali. Anayeandika ni shangazi yako, mimi nasema tu.

Wakati wa Mwingereza nilimuuguza mama yangu hospitali ya misheni. Alipopasuliwa, walimfunga bandeji macho yote, daktari akaonya kwamba akitikisa kichwa, jicho litaharibika. Siku ya tatu akaingia babu, baba mkwe wake. "Kamwene," akasalimia. Mama huyo, anainuka apige magoti! Nikamkandamiza kichwa kwa mikono miwili.

"Niache! Mkwe ataniona sina adabu!"

Babu akaniambia, "Mshike hivyohivyo, usimwachie."

Nilimshika kichwa kwa hofu siku zote hadi bandeji ilipofunguliwa. Mama akanitazama mikono. "Kumbe una kucha ndefu hivyo!"

Nesi wa Makambako anasema siku hizi wanaweka kioo kidogo ndani ya jicho, kesho yake unarudi nyumbani. Sawa, ila hofu yangu ni ya zamani. Nitakubali kupasuliwa ukija wewe kunishika kichwa. Kata kucha kwanza.

Bibi yako