Mbuzi Mweupe na Minyaa ya Mpakani

Bisibo, Biharamulo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, baba. Najua utaitikia marahaba kwa sauti mpaka mama aulize unaongea na nani. Mgongo unaendeleaje? Ile migomba ya chini iliyokuwa inanyauka imepona? Na mama amekubali kwenda zahanati, au bado anasema kikohozi kitajiondokea chenyewe? Mimi ni mzima, mume wangu Masanja ni mzima, na mama mkwe ni mzima kuliko sisi wote, maana huamka kabla ya jogoo na kuhakikisha hakuna anayebaki kitandani.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Ukipokea unapiga kelele "Halo! Halo!" halafu unampa mama, naye kila ninalosema analirudia kwa sauti ili usikie, na kilima kizima kinasikia. Neno nililonalo si la kilima kizima. Linamhusu yule mbuzi wako mweupe aliyekufa nilipokuwa darasa la nne, na linamhusu mzee Gervasi jirani yetu, uliyesema ndiye aliyemwua. Vaa miwani, baba, ukae chini, na usome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati.

Ila nianzie huku kwanza, maana huku ndiko nilikofunguka macho.

Unamkumbuka Madoa, mbuzi jike uliyenipa nilipoolewa. Ulimfunga kamba mpya, ukasema, "Nenda naye, ili kwa watu usikae peke yako." Kweli sikukaa peke yangu. Hapa nyumbani wote wanaongea Kisukuma, na kwangu wananiongelesha Kiswahili. Kihangaza nilikuwa nikizungumza na Madoa tu. Nilimpa habari zote za humu ndani, na mpaka leo hajanisengenya.

Huku mbuzi hawafugwi kama kwetu. Sisi tuna wawili watatu, tunawafunga kamba, mtu anawakatia majani na kuwapelekea mdomoni. Wakwe zangu wana kundi, wanalifungulia liende machungani. Lakini mama mkwe ana sheria yake: hakuna mbuzi kutoka zizini kabla umande haujakauka. Mvua ikinyesha asubuhi, wanapewa nyasi kavu na kungoja. Mimi niliona ni watu wenye mbuzi wengi wasiokuwa na huruma. Madoa alikuwa na mimba kubwa, na kila asubuhi akisikia sauti yangu analia. Kumbe aliyekosa akili ni mimi.

Mvua za kwanza zilipoanza, kunde za mama mkwe zikachipua vizuri sana. Nikawa naamka, nachuma majani mabichi yanayochuruzika maji, nampelekea Madoa kwa siri, nikimlisha kwa mkono kama ulivyonifundisha kumlisha mgeni kabla ya kujilisha mwenyewe. Siku ya kwanza konzi mbili. Siku ya tatu, kapu zima.

Jua lilikuwa limepanda kidogo nikasikia Masanja ananiita. Nilimkuta Madoa amesimama miguu imeachana, shingo ameinyoosha, mate yanamtoka, na ubavu wake wa kushoto umevimba mpaka umeupita uti wa mgongo. Alikuwa akigeuka kulitazama tumbo lake, anapiga chini kwa kwato, anapumua kwa shida. Baba, nilihisi ninyi wote mnaniondokea.

Masanja alikuwa ameshachomoa kisu.

"Tumchinje sasa hivi," alisema. "Mbuzi wa baba mkwe asife kibudu. Nitamtazama vipi usoni?"

Nilimshika mkono nikamsihi tumpigie simu bwana mifugo. Mama mkwe akaja anafunga khanga kiunoni. "Yuko kule kata, na barabara ni tope tupu. Fimbo ya mbali haiui nyoka." Akambonyeza Madoa ubavuni, akampiga kwa vidole, akasikiliza. Halafu akauliza, "Amekula nini?"

"Hajala kitu," Masanja akajibu. "Hata zizini hajatoka."

"Sijakuuliza wewe." Akanigeukia. "Mwanawane, sikiliza. Kama ni hewa tupu, nampa kijiti atafune itoke. Kama ni majani mabichi, humo ndani kuna povu, na kijiti peke yake hakitoshi. Nikikosea anakufa na watoto wake tumboni. Mficha uchi hazai. Amekula nini?"

Nikasema. Nikasema ni kunde zake, siku tatu, na leo kapu zima. Nilingoja matusi, tena ningeyapokea kwa haki. Alisema tu, "Leta mafuta ya alizeti." Ilikuwa chupa moja aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya wageni wa kanisani.

Tulimpandisha Madoa miguu ya mbele juu ya kichuguu ili kifua kiwe juu kuliko tumbo. Mama mkwe akamwekea kijiti mdomoni, akakifunga kwa kamba nyuma ya pembe, Madoa akawa anakitafuna na kutoa mate. Baadaye akakiondoa, akatia mafuta kiasi cha nusu kikombe kwenye chupa ya soda, akayamimina kidogo kidogo pembeni mwa shavu. Mimi nilishika kichwa. "Usikiinue sana," alinikaripia, "yataingia mapafuni, utamwua kwa mkono wako." Kisha kijiti kikarudi, tukamsugua tumbo, mimi huku na Masanja kule, tukamtembeza, tukamsugua tena. Mikono ilikufa ganzi. Nilikuwa nikimbembeleza kwa Kihangaza mbele ya watu wote bila haya.

Ndipo akapiga mbweu. Baba, umewahi kufurahia mbweu? Ya kwanza ndogo, ya pili ndefu, yenye harufu ya kunde za watu. Baada ya muda ubavu ukaanza kushuka. Bwana mifugo alipofika mchana alimkuta amesimama vizuri, akasema tungechelewa kidogo angelazimika kumtoboa, na kwamba majani mabichi yenye maji asipewe tena mbuzi mwenye njaa kabla hajala nyasi kavu. Yaani ile ile sheria ya mama mkwe.

Wote walifurahi, mimi nikakaa chini nikalia. Mama mkwe akashangaa. "Unalia nini, si amepona?"

Nikamwambia, "Mama, nilishawahi kumwua mbuzi hivi hivi."

Sasa ndipo tulipofika, baba. Yule mbuzi mweupe ni mimi niliyemwua. Asubuhi ile kabla ya kwenda shule nilimchumia majani ya maharage machanga, yameloa mvua, nikampa mengi kwa sababu alikuwa akinilamba mkono. Niliporudi nikamkuta amelala, tumbo limevimba, povu mdomoni, nawe unapiga kelele uwanjani. Jana yake alikuwa ameingia shambani kwa mzee Gervasi na mkagombana, basi ukasema amempa sumu. Nilimwona mzee yule akiapa kwa jina la Mungu mbele yako. Nilisimama nyuma ya mama, nikanyamaza. Sikujua kwamba majani yanaua, hilo ni kweli. Lakini nilijua nimempa kitu, na hilo sikulisema, kwa kukuogopa.

Ninyi wawili mlikuwa mkinywa pombe ya rubisi kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Toka siku ile hujaonja chungu chake. Ukapanda ua wa minyaa kuiziba njia iliyotuunganisha nao, na mimi ndiye niliyekushikia vipandikizi. Kila nikija kusalimia naiona imerefuka, na mzee Gervasi anazunguka kote kule barabarani kwenda kisimani. Nisamehe, baba. Nimekunyima rafiki miaka yote hii.

Mama mkwe alisema, "Kunde nimekusamehe. Hilo lingine liko kwa mwenyewe." Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka nije na kitu mkononi. Madoa alijifungua salama, mapacha, na jike ameshaacha kunyonya. Ndiye huyo Masanja aliyekuja naye kwenye kikapu. Watakuwa wamepanda gari Lusahunga na huko kwenu wamemalizia kwa pikipiki, kwa hiyo mpeni maji, na umpe nyasi kavu. Masanja naye mpeni chakula pembeni, maana kwa desturi yao ataona aibu kula mbele ya mama mkwe wake.

Nisalimie mama, na umsomee haya polepole, ndani ya nyumba. Nisalimie kaka na shemeji, na shangazi wa Rulenge akija Jumapili. Mama mkwe anakusalimu sana, anasema mbuzi wako ni mlafi lakini ana uzao mzuri.

Huyo mtoto wa Madoa si wako, baba. Usimfunge kwako hata siku moja. Ni wa mzee Gervasi, na nakuomba umpeleke wewe mwenyewe, usimtume Masanja. Usizunguke barabarani. Chukua panga ufyeke ile minyaa pale ilipokuwa njia, upana wa mtu na mbuzi unatosha. Geuza uso unapokata, utomvu wake usikuingie machoni.

Mwanao aliyenyamaza,
Odilia